Namna ya kuziba mwanya wa akaunti ya root katika macOS High Sierra

Tarehe 28 Novemba 2017 mtengenezaji wa programu kutoka Uturuki, Lemi Orhan Ergin, aliuliza hadharani katika mtandao wa Twitter kama kampuni ya Apple inafahamu kwamba mtu yeyote anaweza kuingia katika kompyuta yenye mfumo endeshi wa macOS High Sierra kwa kuandika jina la mtumiaji "root", yaani akaunti yenye mamlaka yote juu ya mashine, kuacha nafasi ya nenosiri ikiwa tupu, kisha kubonyeza kitufe cha kuingia mara kadhaa. Kesho yake Apple ilitoa kiraka kilichoitwa Security Update 2017-001, na mwanya wenyewe ukasajiliwa katika orodha ya kimataifa ya mianya ya usalama kwa namba CVE-2017-13872. Kwa hesabu hiyo jambo lilipaswa kuwa limekwisha zamani.

Halijaisha. MacBook Pro na iMac za mwaka 2010 na 2011 haziruhusiwi rasmi kupanda juu ya High Sierra, na mashine hizo zingali mikononi mwa watu: zinauzwa kama mitumba, zinatumika katika studio za muziki, katika vyumba vya kuhariria video na katika maabara za shule. Kila mara diski inapofutwa na mfumo kuwekwa upya kutoka katika flashi iliyotengenezwa miezi ya mwanzo ya High Sierra, mwanya unarudi ukiwa mzima kama siku ulipogunduliwa. Nimewahi kuitwa kuangalia maabara ya shule ambayo kumbukumbu zake zilionyesha kwamba kompyuta zote zilipewa kiraka, na ukweli ni kwamba zilikipata. Lakini baadaye fundi mwingine alizisafisha kwa flashi ya toleo la 10.13.1, na hakuna aliyerudi kukagua. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuthibitisha. Kusakinisha kiraka ni kazi ya dakika chache, ilhali kujua kwa hakika kwamba kiraka kimekaa na bado kipo kunahitaji uangalifu wa aina nyingine.

Mwanya ulivyofanya kazi

Inafaa kuelewa chanzo kabla ya kugusa kibodi, kwa kuwa bila kukielewa mtu hufanya mambo mawili yanayoonekana ya busara ambayo kumbe yanaongeza hatari.

Katika macOS kazi ya kuhakiki nenosiri hufanywa na programu ya chinichini inayoitwa opendirectoryd. Mtumiaji anapoandika jina na nenosiri, programu hiyo hutafuta kumbukumbu ya akaunti husika, husoma heshi ya nenosiri iliyohifadhiwa, yaani alama ya kihisabati inayotokana na nenosiri bila kulifichua, kisha huilinganisha na ile inayotokana na maandishi yaliyoingizwa. Akaunti ya root, ambayo ina mamlaka juu ya kila faili na kila mpangilio wa mashine, ipo katika kila Mac, ila kwa kawaida imezimwa na haina heshi yoyote iliyohifadhiwa.

Hapo ndipo kosa lilipojificha. Kama mtafiti wa usalama Patrick Wardle alivyoeleza baada ya kuichambua programu hiyo, opendirectoryd ilipokutana na akaunti isiyo na heshi ilidhani kwamba imekutana na akaunti ya mtindo wa zamani inayohitaji kuhamishiwa katika mtindo mpya wa kuhifadhi manenosiri. Ilipaswa kwanza kuhakiki nenosiri kwa njia ya zamani na kusitisha kila kitu pale uhakiki unaposhindwa. Badala yake ilichukulia jibu la uhakiki huo kana kwamba ni la mafanikio, ikatengeneza heshi mpya kutokana na chochote kilichoandikwa katika nafasi ya nenosiri, na kuihifadhi kama nenosiri halali la root. Jaribio la kwanza kwa hiyo lilikuwa linaiwasha akaunti na kuipa nenosiri, na jaribio lililofuata lilikuwa linaingia kwa nenosiri hilohilo. Kuacha nafasi tupu ilikuwa njia rahisi tu. Neno lolote lingefanya kazi.

Katika maelezo hayo kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba usijaribu mwanya huu katika mashine ambayo hujaiziba, hata kwa nia njema ya kutaka kujua kama ipo hatarini. Jaribio lenyewe ndilo linalowasha root na kuiachia nenosiri tupu, na kuanzia dakika hiyo mashine iko wazi zaidi kuliko ilivyokuwa kabla hujaigusa. Ya pili ni kwamba kuizima akaunti ya root, ushauri ambao katika mazingira mengine ni sahihi kabisa, hapa hakusaidii kitu kabla ya kiraka, kwa sababu akaunti iliyozimwa ndiyo hasa mlango wa mwanya huu.

Kutambua mashine zilizo hatarini

Mwanya huu uliwahusu watumiaji wa High Sierra peke yao. Matoleo ya Sierra, yaani 10.12.6 na yaliyotangulia, hayakuathirika. Toleo la 10.13, lililotoka Septemba 2017, na lile la 10.13.1 lililolifuata, yaliathirika yote mawili. Kuanzia 10.13.2, lililotoka Desemba mwaka huo, marekebisho yamo ndani ya mfumo wenyewe.

Ili kujua mashine yako ipo wapi, fungua programu ya Terminal, ya kuandikia amri, iliyo katika folda ya Utilities ndani ya Applications, kisha andika:

`sw_vers`

Utapata mistari mitatu. Wa pili ni namba ya toleo na wa tatu ni namba ya ujenzi, ambayo watu wengi huipuuza ilhali ndiyo inayosema zaidi. Mashine ya 10.13.1 iliyopokea kiraka inaonyesha 17B1002 au 17B1003. Ikionyesha 10.13.1 bila mojawapo ya namba hizo, ichukulie kuwa iko wazi. Ikionyesha 10.13 bila chochote mbele yake, namba ya toleo peke yake haitoshi kukupa jibu, na itabidi uitumie amri nitakayoieleza katika sehemu ya kuthibitisha.

Baada ya hapo tazama kama akaunti ya root imekwisha kuwashwa:

`dscl . -read /Users/root AuthenticationAuthority`

Jibu la "No such key" maana yake ni kwamba root haijawahi kupewa nenosiri katika mfumo huu. Jibu lenye neno ShadowHash maana yake ni kwamba wakati fulani ilipewa. Kama ni wewe au mwenzako mliyeiwasha kwa sababu mnayoijua, hakuna tatizo. Kama hakuna mtu anayekumbuka kuiwasha, andika tarehe na jina la mashine pembeni, kwa kuwa utairudia mashine hiyo kwa ukaguzi mzito zaidi baada ya kiraka.

Kuilinda mashine kabla ya kiraka kufika

Si kila mahali intaneti inapatikana papo hapo, na kupakua sasisho kubwa kwa bando la simu kunaweza kuchukua siku. Katika muda huo wa kusubiri, mashine isiachwe wazi. Fungua System Preferences, ingia katika Sharing, na uondoe alama katika huduma zote, ukianza na Screen Sharing na Remote Management. Mwanya huu haukuishia kwa mtu aliyekaa mbele ya kibodi: pale huduma ya kushirikisha skrini ilipokuwa imewashwa, mtu aliyekuwa katika mtandao uleule aliweza kuutumia akiwa mbali.

Hatua ya pili ya ulinzi wa muda ni ile Apple yenyewe iliyoipendekeza usiku ule kabla kiraka hakijatoka, nayo ni kuipa root nenosiri gumu. Akaunti ikiwa na heshi halali, ile njia ya kasoro ya kuhamisha akaunti ya zamani haiguswi tena. Ukiwa umeingia kwa akaunti yenye mamlaka ya msimamizi, andika:

`dsenableroot`

Mfumo utakuomba kwanza nenosiri lako mwenyewe, kisha nenosiri jipya la root, kisha ulirudie. Chagua refu ambalo halitumiki mahali pengine popote, na usilitumie hilohilo katika mashine nyingine za ofisi au maabara. Kama hupendi kuandika amri, kazi hiyohiyo inafanyika kupitia Directory Utility, ambayo hufunguliwa kutoka katika Login Options chini ya Users & Groups kwa kubonyeza Join kisha Open Directory Utility; ukishafungua kufuli kwa nenosiri la msimamizi, katika menyu ya Edit utakuta Enable Root User, au Change Root Password ikiwa akaunti tayari imewashwa. Narudia, kwa kuwa ndipo wengi walipokosea mwaka 2017: ukishaweka nenosiri hilo usiizime root mpaka kiraka kiwe kimekaa na kuthibitishwa.

Kusakinisha

Fanya nakala ya akiba kwanza. Time Machine, programu ya nakala za akiba iliyomo ndani ya macOS, na diski ya nje vinatosha, na kama mashine ina kazi za watu ndani yake, hatua hii haina mjadala.

Kisha angalia saa. Hili linaonekana dogo, lakini limenipotezea muda mwingi kuliko jambo lingine lolote katika kazi hii. Visakinishi vingi vya High Sierra vilivyopakuliwa kabla ya mwishoni mwa Oktoba 2019 vilitiwa saini kwa cheti kilichokwisha muda wake mwezi huo, kwa hiyo mtu anayevitumia leo huambiwa kwamba kisakinishi kimeharibika. Mafundi waligundua kwamba ukirudisha tarehe ya kompyuta nyuma, kisakinishi kinakubali. Ndivyo wanavyofanya mpaka leo, na mara nyingi wanasahau kuirudisha tarehe mahali pake. Mashine inayoamini kuwa iko mwaka 2018 haiwezi kukubaliana vizuri na seva za leo kuhusu vyeti vya usalama, na matokeo yake masasisho hayapakuliki na hakuna ujumbe unaoeleza sababu kwa uwazi. Hali hiyohiyo hutokea kwa mashine za zamani ambazo betri yake imekufa na saa inarudi nyuma kila umeme unapokatika. Andika `date` katika Terminal, na kama tarehe si ya leo, irekebishe katika Date & Time kabla ya kuendelea.

Katika High Sierra masasisho hayako ndani ya System Preferences kama yalivyo katika matoleo ya baadaye, bali katika programu ya App Store, chini ya Updates. Mimi hupendelea njia ya amri kwa sababu huonyesha kila kinachotokea:

`softwareupdate -l`

`sudo softwareupdate -i -a`

Amri ya kwanza inaorodhesha masasisho yaliyopo, na ya pili inayasakinisha yote; neno `sudo` huiendesha amri kwa mamlaka ya juu. Mashine iliyo nyuma sana haitakuletea tena kiraka cha Novemba 2017 peke yake, bali itakuletea toleo la mwisho la High Sierra, yaani 10.13.6, ambalo tayari lina marekebisho hayo, na baada yake masasisho ya usalama yaliyoendelea kutolewa mpaka Novemba 2020. Rudia amri ya kwanza baada ya kila kuwasha upya mpaka ikuambie kwamba hakuna kilichobaki. Sasisho moja mara nyingi ndilo linalofungua njia ya linalofuata.

Ukiwa na mashine nyingi na intaneti ya kupima, si lazima kila moja ipakue kivyake. Apple ilitoa kifurushi kinachoitwa Combo Update cha 10.13.6, chenye mabadiliko yote tangu 10.13, na hicho kinaweza kupakuliwa mara moja kutoka katika tovuti ya msaada ya Apple na kupitishwa kwa flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta. Usikichukue kwa rafiki wala katika tovuti za kupakulia programu. Na hata ukiwa umekitoa mahali pake halisi, kagua saini yake kabla ya kukifungua:

`pkgutil --check-signature`

ikifuatiwa na njia ya faili lenyewe, ambayo unaweza kuipata kwa kuliburuta faili hilo na kuliangusha ndani ya dirisha la Terminal. Jibu lionyeshe mlolongo wa vyeti unaoanzia kwa Apple. Ikisema kwamba kifurushi hakina saini, kifute. Itakuwa jambo la kusikitisha kuziba mwanya mmoja kwa kufungua mwingine kwa mkono wako mwenyewe.

Kuwasha upya, na kwa nini hakurukwi

Siku chache baada ya kiraka kutoka ilibainika tatizo ambalo kwangu ndilo funzo kubwa la kisa hiki kizima. Watu waliokuwa na 10.13 walikisakinisha kiraka, wakawa salama. Kisha wakapanda kwenda 10.13.1, na toleo hilo likaweka juu ya opendirectoryd iliyorekebishwa nakala yake lenyewe yenye kasoro. Mwanya ukafunguka tena katika mashine ambazo wenyewe walikuwa na hakika kwamba zimezibwa. Baadhi yao walisakinisha kiraka kwa mara ya pili bila kuwasha upya kompyuta, na programu yenye kasoro ikaendelea kufanya kazi katika kumbukumbu ya mashine ingawa faili lililo katika diski lilikwisha badilishwa. Apple ililazimika kuongeza katika maelezo yake kwamba aliyetoka 10.13 kwenda 10.13.1 awashe kompyuta upya ili kuhakikisha kiraka kimefanya kazi.

Faili katika diski na programu inayoendeshwa wakati huohuo ni vitu viwili tofauti, na sasisho hubadilisha lile la kwanza tu. Kwa hiyo baada ya kila sasisho linalogusa uhakiki wa nenosiri, zima na uwashe, hata kama mfumo haukukuomba. Kufunga kifuniko cha kompyuta na kukifungua tena hakuhesabiki, wala kutoka katika akaunti na kuingia tena.

Kuthibitisha

Mashine ikishawaka, iulize programu yenyewe ni ya toleo gani:

`what /usr/libexec/opendirectoryd`

Kwa mfumo wa 10.13 jibu linalotakiwa ni opendirectoryd-483.1.5, na kwa 10.13.1 ni opendirectoryd-483.20.7. Kwa 10.13.2 na kuendelea namba zitakuwa za juu zaidi, na kule `sw_vers` inatosha. Linganisha tarakimu moja baada ya nyingine. Usiridhike na kuona kwamba zinafanana fanana. Namba hii ndiyo ushahidi, kwa kuwa inatoka katika programu inayohakiki nenosiri, ilhali kumbukumbu ya masasisho katika App Store hueleza tu kwamba siku fulani kitu fulani kilisakinishwa na haina habari ya kilichotokea baadaye.

Sasa, na si kabla ya hapa, unaweza kuizima root ikiwa huna kazi nayo:

`dsenableroot -d`

Mtu wa kawaida haihitaji, kwa sababu amri ya `sudo` inatosha kwa kazi zote za usimamizi. Ukiwa na sababu ya kuibakisha, badilisha lile nenosiri uliloliweka kwa ajili ya ulinzi wa muda na uandike mahali salama nani analijua.

Kuna usumbufu mmoja uliowapata watu wengi mara baada ya kiraka cha kwanza. Katika baadhi ya mashine za 10.13.1, kushirikisha faili kuliacha kufanya kazi: mtumiaji aliandika nenosiri sahihi na akakataliwa. Apple ilitoa dawa yake siku hiyohiyo:

`sudo /usr/libexec/configureLocalKDC`

Amri hiyo hujenga upya huduma ya ndani inayotoa vitambulisho vya kuingia katika mafaili ya pamoja. Baadaye kiraka kilitolewa upya kikiwa kimerekebishwa, na ndiyo sababu kuna namba mbili za ujenzi, 17B1002 na 17B1003. Aliyepanda moja kwa moja kwenda 10.13.6 hatakiwi kukutana na tatizo hili.

Kukagua kama mtu alikwisha kuingia

Kiraka huziba mlango, lakini hakimtoi aliyekwisha kuingia wala hakiondoi alichokiacha. Mashine ambayo ilikaa wazi kwa miezi katika maabara, mapokezi, au mahali popote ambapo mikono mingi hupita inastahili kukaguliwa, na ile ambayo jibu la `dscl` lilionyesha ShadowHash isiyo na mwenyewe inastahili zaidi.

Anza na orodha ya akaunti:

`dscl . -list /Users UniqueID`

Akaunti zinazoanza kwa alama ya mstari wa chini ni za mfumo, pamoja na root, daemon na nobody. Akaunti za watu kwa kawaida huanzia namba 501. Jina la kawaida la mtu lenye namba iliyo chini ya 500 ni la kutiliwa shaka, kwa sababu akaunti za namba hizo hazionekani katika dirisha la kuingia na ni mahali panapojulikana pa kujifichia. Halafu tazama nani ana mamlaka ya msimamizi:

`dscl . -read /Groups/admin GroupMembership`

Jina la root katika orodha hiyo ni la kawaida. Majina mengine yote uwe unayajua.

Kisha fungua folda mbili ambazo programu zinazojiwasha zenyewe hukaa, yaani `/Library/LaunchDaemons` na `/Library/LaunchAgents`, na usome jina la kila faili. Utakuta ya Adobe, ya Microsoft, ya printa na ya programu nyingine mlizosakinisha. Usilolitambua, lifungue kwa TextEdit na utazame linaendesha nini na kutoka wapi. Katika mashine nyingi folda hizi zina mafaili machache, kwa hiyo kazi hii haichoshi kama inavyosikika. Tazama pia kama kuna funguo za kuingilia kwa mbali zilizowekwa katika makao ya root:

`sudo ls -la /var/root/.ssh`

Kwa mashine ya kawaida folda hiyo haipo kabisa. Ikiwepo na ina faili la authorized_keys ambalo hukuliweka wewe, usipoteze muda kusafisha kipande kwa kipande. Toa mafaili ya kazi, futa diski yote, sakinisha mfumo upya, na ubadilishe manenosiri ya kila aliyeitumia mashine hiyo, yakiwemo ya barua pepe na ya benki. Aliyewahi kuwa root aliweza kubadilisha chochote, hata zana unazozitumia kumtafuta, na kwa hiyo ukaguzi uliorudi mtupu unakupa matumaini ambayo bado si hakika. Mimi katika mashine yenye shaka ya kweli huchagua kufuta.

Flashi za zamani na diski isiyofungwa

Kazi ikishakamilika, kusanya kila flashi na kila diski ya nje yenye kisakinishi cha High Sierra. Ingiza moja moja, chagua programu ya kisakinishi, na kwa Get Info usome toleo lake. Namba inayoonekana hapo ni ya kisakinishi na hailingani moja kwa moja na ile ya mfumo, kwa hiyo kama huna hakika ilitengenezwa lini, ifute na utengeneze nyingine kwa kisakinishi kipya cha 10.13.6 kilichopakuliwa kutoka Apple. Andika kwa kalamu juu ya flashi hiyo toleo na tarehe. Pale maabara niliyoitaja mwanzoni, kibandiko kimoja cha karatasi kingewaepusha na kazi yote ya kurudia.

Jambo la mwisho ni FileVault, huduma ya macOS ya kusimba diski, yaani kuyageuza yaliyomo yasisomeke bila nenosiri. Mtu aliyeishika mashine mkononi bila diski kusimbwa ana njia nyingine za kuyafikia mafaili, ikiwemo kuiwasha kupitia sehemu ya urejeshaji na kubadilisha manenosiri, na njia hizo hazihusiani na mwanya huu wala hazizibwi na kiraka chake. Diski ikiwa imesimbwa na mashine imezimwa kabisa, hapana hata dirisha la kawaida la kuingia mpaka mtumiaji aliyeidhinishwa aifungue diski kwanza. Iwashe katika Security & Privacy, uhifadhi ufunguo wa urejeshaji nje ya kompyuta hiyo, na uiache mashine ikiwa imeunganishwa na umeme usiku kucha, kwani diski za kuzunguka za mwaka 2011 huchukua saa nyingi kumaliza kusimba. Asubuhi rudia `sw_vers` na `what` mara moja zaidi, na uandike majibu yake katika daftari la mashine hiyo pamoja na tarehe.